Sindano Ikishamdunga Mnyama, Isiachwe Shambani

Ng'ombe akianza kukonda huku nyasi zipo, manyoya yakisimama na machozi yakimtiririka, mfugaji wa Angurai huwa na dhana yake mapema: huenda ni nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hupita duka la agroveti, akanunua pakiti ya dawa ya unga, maji safi ya kuchanganyia, bomba na sindano. Akirudi nyumbani humwita mhudumu wa mifugo, na wakati mwingine hushika bomba yeye mwenyewe. Baada ya siku chache mnyama huanza kula tena na watu wa boma hushukuru.

Linalosahaulika ni ile sindano. Mara nyingi huchomekwa kwenye nyasi za paa la jikoni ili itumike siku nyingine, au hutupwa kwenye ua wa miti, chini ya migomba au kwenye choo cha shimo. Nyingine huanguka palepale ng'ombe alipofungwa, na samadi ikaifunika.

Sindano haiozi. Ncha yake ya chuma hukaa ardhini miaka kadhaa ikiwa na uwezo wa kutoboa ngozi. Makala haya yanaeleza madhara inayoweza kuleta, jinsi ya kuihifadhi nyumbani hadi ifike mahali pa kuteketezwa, na la kufanya mara moja mtu anapodungwa kwa bahati mbaya. Maelezo haya yanamhusu mfugaji wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe, mwenye mbwa anayetibiwa nyumbani, na pia mtu anayejidunga insulini kila siku kwa sababu ya kisukari.

Nani huumia?

Aliyedunga mnyama si lazima awe ndiye atakayeumia. Anajua alikoitupa sindano, au angalau anakumbuka kwamba aliitupa. Wanaoumia ni wale wasiojua.

Wa kwanza ni mtoto. Bomba la plastiki lenye namba pembeni humvutia mtoto kuliko vitu vingi vya kuchezea. Hulijaza maji na kuwarushia wenzake, au hucheza udaktari na kumdunga mdogo wake mkononi. Mtoto anayechunga mbuzi akiwa miguu mitupu yuko hatarini hata bila kucheza.

Wa pili ni mkulima. Katika wadi za Angurai Kusini, Angurai Kaskazini na Angurai Mashariki, jembe la kukokotwa na ng'ombe bado ndilo linalofungua mashamba mengi mvua ndefu zinapoanza. Samadi kutoka zizini hupelekwa shambani, na sindano iliyofichika ndani yake huenda nayo. Anayeongoza ng'ombe huwa mbele, mara nyingi akiwa kijana asiye na viatu. Anayepanda hufuata nyuma akiinama na kushika udongo kwa mikono. Kwa wote wawili, sindano iliyotupwa zizini mwezi Novemba inaweza kuonekana tena mwezi Machi, ikiwa tayari imeingia mguuni au mkononi.

Wa tatu ni anayefanya kazi na taka. Mjini Malaba na mjini Busia, wapo wanaozoa taka sokoni, wanaookota chupa za plastiki za kuuza na wanaokusanya vyuma chakavu. Wengi wao hutumia mikono mitupu. Mfuko mweusi wa taka hauonyeshi kilicho ndani, na anayeubeba begani au kuukandamiza kwa mguu hana njia ya kujiokoa na sindano iliyomo.

Maji ya mvua nayo husafirisha sindano. Angurai ni eneo lenye miinuko, na mvua ikinyesha kwenye milima ya Chelelemuk maji hushuka kwa nguvu hadi kwenye vijito na chemchemi ambako watu huchota maji. Kilichotupwa kwenye boma la juu huweza kuishia kisimani kwa jirani wa chini.

Sindano hubeba nini?

Kuna hofu iliyozoeleka kwamba kila sindano iliyookotwa ina virusi vya Ukimwi. Ukweli ni kwamba virusi hivyo haviishi katika ng'ombe, mbuzi, nguruwe wala mbwa. Sindano iliyomdunga ng'ombe peke yake haiwezi kumwambukiza mtu Ukimwi. Tatizo ni kwamba aliyedungwa na sindano aliyoikuta njiani hajui ilimdunga nani.

Kama sindano ilitumiwa na mtu, hatari kubwa zaidi ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa wahudumu wa afya wasiochanjwa, uwezekano wa kuambukizwa baada ya kudungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban watu 3 kati ya kila 1,000 wanaodungwa na sindano yenye damu ya mtu aliyeambukizwa. Hatari hii ya pili ni ndogo, lakini inahitaji hatua za haraka, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kama sindano ilitumiwa kwa mnyama, kuna mambo matatu ya kuogopa.

La kwanza ni pepopunda. Vijidudu vyake huishi katika udongo na katika kinyesi cha mifugo, na hupenda kidonda chembamba kilichoingia ndani bila kutoa damu nyingi. Hicho ndicho kidonda kinachoachwa na sindano yenye uchafu wa zizi. Pepopunda inaweza kuua, ingawa chanjo yake ipo.

La pili ni dawa iliyobaki ndani ya sindano au bomba. Baadhi ya chanjo za mifugo huchanganywa na mafuta. Chanjo ya namna hiyo ikiingia kidoleni, hata tone moja, inaweza kuleta uvimbe mkali unaokata damu isifike kidoleni, na mtu akahitaji upasuaji wa haraka. Chanjo hai ya ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosisi, inaweza kumpa mtu ugonjwa huohuo wa homa na maumivu ya viungo. Tena kuna dawa ya mifugo iitwayo tilmikosini, ambayo hutibu mapafu ya ng'ombe lakini huathiri moyo wa binadamu. Imewahi kuua watu katika nchi nyingine baada ya kujidunga kwa bahati mbaya.

La tatu ni usaha. Ngozi ikitobolewa na chuma kichafu inaweza kuoza ndani hata kama juu pamefunga, na mkono au mguu ukavimba kwa wiki nzima wakati wa palizi.

Mnyama naye hudhurika

Wafugaji wengi huhifadhi sindano kwa nia njema. Wanaona ni hasara kutupa kitu kilichonunuliwa, ilhali ng'ombe wengine watatu wanasubiri kudungwa. Hata hivyo, sindano moja ikipita kutoka ng'ombe hadi ng'ombe hupitisha damu. Nagana na ndigana baridi huweza kuenea kwa njia hiyo, bila mbung'o wala kupe kuhusika. Mfugaji anayedhani anatibu kundi anaweza kuwa ndiye anayelieneza gonjwa.

Kwa wafugaji wa nguruwe hasara ni kubwa zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikiingia kwenye banda inaweza kumaliza nguruwe wote kwa siku chache. Virusi vyake huwa vingi sana katika damu. Sindano iliyomdunga nguruwe mgonjwa, ikatumika kwa mwenzake au ikaazimwa na jirani, inatosha kuhamisha ugonjwa kutoka banda moja hadi lingine. Ikumbukwe pia kwamba mifugo na wauzaji wake huvuka mpaka na Uganda kila wakati, kwa hiyo sindano iliyoazimwa inaweza kuwa imetoka mbali kuliko mwenye boma anavyodhani.

Sindano iliyotumika mara nyingi pia hupoteza ukali. Huchana nyama badala ya kupenya, huacha jipu mahali ilipopita, na huweza kukatikia ndani ya mnyama. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: mnyama mmoja, sindano moja, kisha sindano hiyo haina kazi tena.

Insulini nyumbani, ya mtu na ya mbwa

Kisukari si cha watu pekee. Mbwa na paka hukipata, na dalili zake zinafanana na za binadamu: kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara, na kukonda ingawa anakula vizuri. Insulini yenyewe ilijaribiwa kwa mbwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, kabla ya mgonjwa wa kwanza binadamu kudungwa Januari 1922.

Mbwa mwenye kisukari kwa kawaida hudungwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Hesabu yake ni nyepesi: sindano 2 kwa siku ni 60 kwa mwezi, na zaidi ya 700 kwa mwaka. Boma lenye mbwa wa namna hiyo, au lenye mzazi anayejidunga insulini mara mbili kwa siku, hutoa sindano nyingi kuliko boma lenye ng'ombe kumi.

Sindano ya insulini ina hatari yake ya pekee. Ile ya ng'ombe ni nene na huonekana. Ya insulini ni nyembamba kama unywele na fupi kuliko ukucha wa kidole gumba, kwa hiyo ikianguka kwenye mkeka au nyasi haionekani mpaka imdunge mtu. Wapo pia wanaojidunga wakiwa safarini. Dereva wa lori anayesubiri foleni kuelekea mpakani Malaba anahitaji insulini yake kwa wakati, awe ndani ya lori au katika chumba cha kulala wageni. Sindano yake haifai kuachwa kitandani, wala kurushwa dirishani kando ya barabara. Chupa ngumu yenye kifuniko inaweza kusafiri naye hadi arudi nyumbani.

Vijisindano vya kupimia sukari kwenye kidole vinahesabiwa pia. Ni vidogo, lakini vimegusa damu na vinahitaji kutunzwa kwa njia hiyohiyo.

Mahali ambapo sindano haifai kutupwa

*Kwenye moto wa takataka.* Plastiki itaungua na kutoa moshi wenye sumu, lakini chuma kitabaki. Moto wa nyuma ya nyumba hauna joto la kukiyeyusha. Jivu likishapoa huzolewa na kumwagwa kwenye sukuma wiki, na sindano huingia bustanini.

*Kwenye choo cha shimo.* Wengi huona hapo ndipo mahali salama kwa kuwa hakuna atakayeingia. Lakini shimo hujaa. Mjini litanyonywa, na anayeshughulika na mpira wa kunyonya atakutana na sindano. Kijijini choo kitafunikwa, na baada ya miaka mtu atachimba hapo bila kujua.

*Kwenye shimo la taka lililo wazi.* Kuku hupekua, mbwa hufukua na watoto hufuata.

*Kwenye chupa nyembamba ya maji au soda.* Sindano ya ng'ombe huitoboa kwa urahisi. Chupa ya glasi nayo hupasuka, na hatari huwa mbili.

*Kwenye paa, ukuta au ua.* Huko si kuhifadhi. Upepo, panya au mkono wa mtoto utaishusha siku moja.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Tayarisha chombo kabla ya kudunga. Jerikeni ya mafuta ya kupikia ya lita 3 au 5 inafaa sana. Ni plastiki ngumu, ina mdomo unaopitisha sindano lakini usiopitisha mkono wa mtoto, na ina kifuniko cha kuzungusha. Kama bomba halipiti mdomoni, tafuta kopo la plastiki ngumu lenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana.

2. Weka alama. Andika kwa kalamu isiyofutika au rangi: SINDANO – HATARI. Kwa kuwa si kila mtu nyumbani anasoma, paka pia mstari mwekundu kuizunguka jerikeni na umweleze kila mmoja maana yake. Jambo hili ni muhimu kwa sababu jerikeni ni mali nyumbani. Isiyo na alama itasuuzwa na kutumika kuchotea maji. Chombo kilichowahi kubeba sindano kisitumike tena kwa kazi nyingine yoyote.

3. Kisogeze karibu na kazi. Kikae chini, mahali imara, hatua moja kutoka kwa mnyama. Kisishikwe mkononi wakati sindano inatumbukizwa.

4. Tumbukiza mara moja. Usirudishe kifuniko kidogo cha sindano, kwani watu wengi hujidunga wakati huo. Usiikunje wala kuivunja kwa vidole. Kama ng'ombe ametikisa kichwa na sindano imeanguka, simamisha kazi uitafute kwanza. Hesabu sindano ulizoanza nazo na ulizotumbukiza. Hesabu zisipolingana, mnyama mwingine asiingizwe.

5. Funga na uweke juu. Baada ya kila matumizi kaza kifuniko. Weka chombo mahali pa juu, penye kufuli ikiwezekana, mbali na chakula na maji.

6. Kikijaa robo tatu, kimejaa. Usikishindilie wala kukitikisa ili nafasi ipatikane. Kaza kifuniko kwa mara ya mwisho na ukizungushie gundi ya karatasi au utepe wa nailoni.

7. Kipelekwe na mtu mzima. Mtoto asitumwe nacho akielekea shuleni. Kwenye bodaboda, kiwekwe ndani ya ndoo kikiwa kimesimama, kisifungwe kwa kamba pembeni ya kiti.

Chombo kilichojaa kinapelekwa wapi?

Vituo vya afya na hospitali hutenga taka zenye ncha kali katika visanduku vya usalama, na taka hizo huteketezwa katika tanuri maalumu lenye joto kali kuliko moto wa nyumbani. Mkazi wa Angurai anaweza kuanza kwa kuuliza katika Kituo cha Afya cha Angurai au katika hospitali ya Kocholya. Ni vyema kuuliza kabla ya kubeba chombo: kituo kinapokea taka za nyumbani siku gani, saa ngapi, na akabidhiwe nani. Chombo kisiachwe langoni au kwenye benchi la wagonjwa.

Mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru boma ni msaada mwingine. Anaweza kuulizia kituoni kwa niaba ya boma kadhaa, ili vyombo vya majirani vipelekwe pamoja siku moja badala ya kila mtu kulipa nauli yake.

Kwa sindano za mifugo, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni aliyezidunga. Mhudumu wa mifugo aliyesajiliwa anapaswa kuja na chombo chake na kuondoka na sindano zake. Mwenye boma ana haki ya kumwambia kwa heshima, "Daktari, usisahau sindano zako," kabla ya malipo. Duka la agroveti nalo liulizwe kama linapokea zilizotumika, kwa kuwa ndilo lililoziuza.

Siku ya chanjo ya mifugo kijijini, ng'ombe wengi hupita kwenye krashi moja kwa saa chache. Wazee wa kijiji na vijana wanaosaidia kushika wanyama wanaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kabla ya watu kutawanyika, wapite kwa mstari mmoja kuzunguka krashi wakitazama chini, wakiwa wamevaa gambuti.

Sindano ikipatikana njiani

Usiiokote kwa mkono mtupu, wala kwa kuizungushia jani au karatasi. Mtu mmoja abaki hapo asiikanyage mtu mwingine, na mwingine alete chombo kigumu pamoja na koleo la jikoni, koleo la fundi au sepetu. Laza chombo chini kando ya sindano, ishike kwa koleo upande usio na ncha, uiingize ncha ikitangulia. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Watoto wafundishwe mambo mawili pekee: usiguse, na mwite mtu mzima. La tatu linawahusu wazazi. Mtoto aliyedungwa mara nyingi hunyamaza kwa sababu anajua alikuwa akichezea kitu alichokatazwa, na anaogopa fimbo. Saa zinapita, siku zinapita, na nafasi ya kumkinga inapotea. Mtoto anayekuja kusema amedungwa asichapwe siku hiyo. Apelekwe kituo cha afya.

Mtu akidungwa

Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Acha damu itoke yenyewe. Usikamue, usinyonye kwa mdomo, usichanje kwa wembe. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri, jivu wala kinyesi cha ng'ombe, kwani vitu hivyo huongeza sumu na uchafu.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hapaumi. Mweleze mhudumu mambo haya:

- saa uliyodungwa;
- kama sindano ilitumiwa kwa mtu, kwa mnyama, au haijulikani;
- dawa iliyokuwa ndani yake. Beba kichupa au pakiti ya dawa ili jina lisomwe;
- mara ya mwisho ulipochanjwa pepopunda, na kama umewahi kuchanjwa homa ya ini aina ya B.

Kama kuna uwezekano kwamba sindano ilimdunga mtu mwingine, mhudumu anaweza kushauri dawa za kukinga virusi vya Ukimwi. Dawa hizo hufaa zikianza mapema iwezekanavyo, na haziwezi kungoja kupita saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Anayedungwa Ijumaa jioni akisubiri hadi Jumanne, amechelewa.

Kama ilikuwa chanjo yenye mafuta au tilmikosini, hakuna kusubiri hata kidogo. Nenda hospitali moja kwa moja na usisitize jina la dawa, kwa sababu kidonda kitaonekana kidogo kuliko hatari yake.

Jukumu la kaunti na la mkazi

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti huduma za afya za kaunti, huduma za mifugo na uzoaji wa taka. Sindano iliyotumika zizini inagusa kazi zote tatu kwa pamoja. Kanuni za usimamizi wa taka za 2006 zilieleza kwamba taka za matibabu ni zile zinazotokana na kutibu au kuchanja watu au wanyama. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Kwa lugha nyepesi, sindano ya ng'ombe si takataka ya kawaida mbele ya sheria, na kazi ya kuitenga huanzia bomani.

Mkazi naye ana nafasi ya kudai. Katika baraza la chifu na katika vikao vya umma vya kujadili bajeti ya kaunti, ni halali kuuliza kituo cha karibu kinapokea vipi sindano za nyumbani, tanuri linalotumika liko wapi, na wazoaji wa taka wana glavu na viatu vya kutosha. Swali likiulizwa na watu wengi ndipo linapoingia kwenye mipango.

Maswali ya kawaida

*Je, nikiichemsha sindano naweza kuitumia tena?* Sindano za plastiki na chuma zinazouzwa madukani zimetengenezwa kutumika mara moja. Kuchemsha hakurudishi ukali wake, na damu iliyoganda ndani ya tundu jembamba haitoki kwa urahisi.

*Bomba lisilo na sindano ni hatari?* Halidungi, lakini lina mabaki ya dawa na huenda na damu. Liingie chomboni pia. Watoto wasipewe kuchezea.

*Vichupa vitupu vya dawa je?* Visioshwe ili kuwekea chumvi, ugoro au dawa nyingine. Vihifadhiwe kwenye kopo lake na vipelekwe pamoja na sindano.

*Nina sindano za zamani kwenye paa. Nifanye nini?* Tayarisha chombo leo. Vaa viatu na glavu nene, zitoe moja moja kwa koleo wakati wa mchana watoto wakiwa mbali, na uzitumbukize. Zihesabu unapozitoa, kisha uwaulize wote nyumbani kama wanakumbuka nyingine.

*Sina uwezo wa kununua chombo.* Hakihitaji kununuliwa. Mama anayekaanga mandazi au samaki sokoni huwa na jerikeni tupu za mafuta. Moja inatosha boma dogo la ng'ombe kwa miezi mingi.

Kabla ya kumfunga ng'ombe kamba safari ijayo, hakikisha vitu vinne viko tayari: dawa sahihi, sindano mpya kwa kila mnyama, jerikeni yenye mstari mwekundu, na mtu mzima mmoja mwenye kazi ya kuhesabu tu. Kazi ya kumtibu mnyama inakamilika sindano ya mwisho ikishaingia kwenye jerikeni na kifuniko kikakazwa.